UCHAMBUZI: Tope la Mto Nairobi lipimwe kabla ya kuzolewa

SERIKALI ilipozindua mradi wa Sh50 bilioni wa kuufufua Mto Nairobi mnamo Machi 2025, mjadala ulielekea upesi katika mambo yanayoonekana kwa macho: nyumba zitakazobomolewa kandokando ya mto, mabomba ya majitaka yatakayotandazwa, bustani zitakazopandwa na ajira za vijana. Jambo moja halikupewa uzito unaostahili, nalo ni tope lililolala chini ya maji hayo.

Maji ya mto hupita. Yanayoonekana leo asubuhi katika mitaro ya Gatina, Kawangware, kesho yatakuwa yamekwisha kufika mbali. Tope hubaki. Ndilo linalohifadhi yale ambayo jiji limeyatupa kwa miongo kadhaa: risasi ya betri kuukuu na petroli ya zamani, zinki ya mabati na magurudumu, shaba ya nyaya zilizochomwa, kadimi ya betri ndogo na rangi, na kromi ya ngozi zilizotengenezwa viwandani. Metali hizi hupatikana kwa viwango vidogo, vinavyopimwa kwa sehemu katika kila sehemu milioni za udongo, na ndiyo maana ni rahisi kuzipuuza. Hata hivyo, hazina harufu, hazioni jua zikakauka, wala hazioozi. Zikishaingia katika ardhi, hukaa.

Swali linalofaa kuulizwa, kwa hivyo, si kama mto usafishwe au la. Hakuna mkazi wa Gatina anayehitaji kushawishiwa kuhusu hilo. Swali ni hili: tope likizolewa, litapelekwa wapi, na ni nani atakayekuwa amelipima kwanza?

Weusi wa tope

Gatina ni wadi ya eneobunge la Dagoretti Kaskazini, inayopakana na mtaa wa kifahari wa Lavington. Nyumba nyingi ni za mabati, zimesongamana, na mitaro iliyo wazi hupita mbele ya milango. Maji ya eneo zima la Kawangware huishia katika Mto Nairobi na vijito vyake. Mto wenyewe huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware kabla ya kufika Chiromo, katikati mwa jiji, Gikomba na hatimaye Dandora. Upande wa Kibera, Mto Ngong hupitia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 ili kuwapa watu maji, na ambalo leo limejaa tope na magugu.

Yeyote aliyewahi kuchimbua mtaro katika mitaa hii anajua kwamba chini ya tabaka la juu tope huwa jeusi tititi na hunuka mithili ya yai bovu. Watu wengi hudhani weusi huo ni uchafu tu. La hasha. Kinyesi, mabaki ya vyakula na damu ya machinjioni vinapooza, hewa ya oksijeni ndani ya tope humalizika. Bakteria wanaoishi pasipo oksijeni hutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo hushikana na chuma kilichomo udongoni kuunda salfidi ya chuma, ambayo ni nyeusi. Risasi, zinki, shaba na kadimi nazo hunaswa kwa njia iyo hiyo.

Ajabu ni kwamba kemia hii ya mtaro wa Gatina ndiyo inayotokea katika mojawapo ya pembe za mbali zaidi duniani. Katikati ya Bahari ya Hindi, kama ilivyo katika bahari nyingine kuu, kuna safu ya milima iliyozama ambako sakafu ya bahari hupasuka na kutanuka. Safu hizo, zikiunganishwa, huzunguka dunia kwa takriban kilomita 65,000. Maji ya bahari hupenya katika nyufa, hupata joto la nyuzi 350 au zaidi, huyeyusha chuma, manganisi, shaba na zinki kutoka kwa miamba, kisha hufoka tena juu. Yanapokutana na maji baridi, metali hizo huganda papo hapo na kutoka kama moshi mweusi. Wanasayansi waliushuhudia moshi huo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1979 katika Bahari ya Pasifiki. Weusi wake watokana na salfidi za metali, hasa za chuma.

Tofauti ni kwamba kule kazi hiyo imefanywa na maumbile kwa mamilioni ya miaka, mahali ambapo hapana mtoto anayecheza. Huku imefanywa na binadamu katika kipindi kisichozidi umri wa mtu mmoja, mlangoni pa nyumba yake.

Tope hushika, tope huachilia

Utafiti wa mashapo ya sakafu ya bahari umetoa mafunzo mawili yanayofaa kuzingatiwa na wahandisi wa Mto Nairobi.

Funzo la kwanza ni kuwa si kila metali iliyomo kwenye tope ni uchafuzi. Mwaka wa 1966 watafiti Kurt Boström na Melvin Peterson walieleza kwamba mashapo yaliyo karibu na safu ya mashariki ya Pasifiki yana chuma na manganisi kwa wingi usio wa kawaida. Ili kutenganisha metali zilizoletwa na chemchemi za maji moto na zile zilizotoka katika udongo wa nchi kavu, wanasayansi hutumia alumini kama mizani. Udongo wa kawaida una alumini nyingi, ilhali moshi wa chemchemi hauna. Metali ikizidi ilhali alumini haikuongezeka, basi chanzo chake si udongo.

Mizani hii inahitajika mno Nairobi. Jiji limekaa juu ya miamba ya volkano iliyotokana na kupasuka kwa Bonde la Ufa, na udongo wake mwekundu una chuma na manganisi kwa asili. Anayechota tope Gatina na kutangaza kwamba limejaa chuma hajasema lolote. Lakini risasi na kadimi zikiongezeka kutoka Ondiri hadi Kawangware, na kutoka Kawangware hadi Dandora, huku alumini ikibaki pale pale, hapo pana ushahidi ambao hauwezi kusingiziwa mlima wala volkano.

Funzo la pili ndilo zito zaidi. Tope hushika metali maadamu hali yake haijabadilika. Karibu na safu za chini ya bahari, chembechembe za kutu ya chuma hunasa metali nyingine kutoka kwa maji na kuzishusha sakafuni. Chembechembe hizo zikifukiwa mahali pasipo na oksijeni, kutu huyeyuka na mateka wake huachiliwa. Katika mto mchafu mambo huwa kinyume: metali zimefungwa na salfidi kwa sababu oksijeni haipo. Tope hilo likizolewa kwa tingatinga na kuanikwa ukingoni, oksijeni huingia, salfidi huvunjika, asidi hutokea, na metali zilizokuwa zimelala huamka. Mvua ya kwanza huzirejesha mtoni. Jua likilikausha, upepo huzibeba kama vumbi hadi ndani ya nyumba.

Kwa maneno mengine, kuzoa tope pasipo kulipima kunaweza kuondoa uchafu unaoonekana na kufungulia mlango ule usioonekana.

Gharama tayari imeshuhudiwa

Nairobi haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa jaa la Dandora. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi ya kiwango cha maikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Kiwango hicho ndicho kilichotumiwa wakati huo kama mpaka wa hatari. Tangu hapo mpaka umeshushwa: Marekani iliushusha hadi 5 mwaka wa 2012 na 3.5 mwaka wa 2021, nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto waliohesabiwa kuwa nje ya hatari mwaka wa 2007 huenda wasingehesabiwa hivyo leo.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi hiyo huathiri ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia. Nyingine hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na msichana aliyeimeza utotoni anaweza kuiachilia katika damu yake, na ya mwanawe, atakapokuwa mjamzito. Isitoshe, mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza risasi zaidi. Umaskini na sumu, basi, hushikana mikono.

Pwani nako kuna kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha shughuli kati ya 2007 na 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, aliongoza wakazi kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Serikali na mashirika yake walikata rufaa, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Desemba 2024 iliirejesha fidia hiyo. Ilikuwa zaidi ya miaka 10 tangu wakazi waanze kulalama.

Ni dhahiri kwamba kupima udongo mapema kungaligharimu sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na Owino Uhuru ukuta umejengwa kwa fedha za mlipa ushuru.

Sukuma wiki na vumbi

Kuna wanaosema kuwa hofu ya metali katika mitaa ya mabanda ni anasa ya wasomi, na kwamba mkazi wa Gatina anahitaji choo, maji na kazi kwanza. Hoja hii ina ukweli nusu. Kipindupindu huua kwa siku, risasi hudhuru kwa miaka. Serikali yenye fedha haba italazimika kuanza na lile linaloua upesi.

Lakini hoja hiyo husahau kwamba mambo haya mawili huletwa na mtaro mmoja. Kandokando ya mito ya Nairobi, kila kipande cha ardhi kilicho wazi kimepandwa sukuma wiki, mchicha au nduma. Mboga za majani zina tabia ya kuvuta kadimi kutoka udongoni kupitia mizizi. Risasi haipandi kwa urahisi namna hiyo, bali hufika mezani kama vumbi na matope yaliyoganda kwenye majani. Kuosha mboga vizuri hupunguza ya pili. Ya kwanza haiondolewi na maji wala moto wa jiko. Mboga hizo huuzwa sokoni pamoja na nyingine, na mnunuzi wa Lavington hawezi kuzitambua kwa macho kama vile asivyoweza mnunuzi wa Kawangware.

Fauka ya hayo, tope lililozolewa lina mvuto wake. Ni jeusi, linaonekana kuwa na rutuba, na kweli lina rutuba. Likiachwa ukingoni bila tahadhari, litachukuliwa na wakulima kuwa mbolea, na na wajenzi kuwa udongo wa kujazia viwanja. Hapo metali zitakuwa zimehamishwa kutoka mtoni hadi shambani na uani, tena kwa gharama ya serikali.

Safari hadi baharini

Yanayoanzia Kawangware hayaishii Dandora. Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao ukifika nyanda za chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Kila msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia kwa udongo wa bara.

Mwaka wa 2007, timu iliyoongozwa na mtafiti Dominik Fleitmann ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe la Malindi lililokuwa limekua kwa takriban miaka 300. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka mithili ya miti, na ndani ya kila tabaka hubaki chembe za metali zilizokuwa majini wakati huo. Watafiti walifuata metali ya bariamu, ambayo husafiri imeshikamana na udongo wa mtoni na kuachiliwa inapokutana na maji ya chumvi. Kati ya 1700 na 1900 kiwango chake hakikubadilika sana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kilipanda, sambamba na kuongezeka kwa watu na kulimwa kwa ardhi katika nyanda za juu.

Bariamu yenyewe si tishio hapo. Umuhimu wake ni ushahidi: mkono wa binadamu katika nyanda za juu za Kenya umeandikwa katika sakafu ya bahari, mamia ya kilomita kutoka hapo, na kwamba metali iliyotulia kwenye tope inaweza kuachiliwa pindi mazingira yanapobadilika.

Kati ya Nairobi na bahari kuna jambo jingine jipya. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 katika makutano ya mito Athi na Thwake, limekusudiwa kuhifadhi maji ya ujazo wa mita milioni 688 kwa ajili ya wakazi wa Makueni, Kitui na jiji la Konza. Bwawa ni mtego wa tope. Yaliyokuwa yakienda Malindi yatatua humo, katika maji yanayotarajiwa kunywewa. Kwa hiyo tope la Gatina si suala la Gatina pekee. Ni suala la mkulima wa Makueni na mvuvi wa Mambrui.

Kinaya cha Kingston

Wakati haya yakiendelea, mataifa yanaviziana juu ya tope la kilindini. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica, imetoa vibali vya utafutaji wa salfidi zenye metali katika safu za Bahari ya Hindi kwa Uchina (2011), Korea Kusini (2014), Ujerumani (2015) na India (2016). Septemba 2025 India ilitia saini mkataba mwingine, huu wa safu ya Carlsberg. Hivi ni vibali vya kutafuta, si vya kuchimba.

Kila mwenye kibali analazimika kukusanya takwimu za hali ya mazingira ilivyo kabla ya lolote kuguswa: maji, mashapo, metali na viumbe. Sababu ni hofu ya wingu la vumbi litakalotimuliwa na mashine. Katika safu ya Bahari ya Hindi anaishi konokono mwenye magamba yaliyofunikwa kwa salfidi ya chuma, ambaye mwaka wa 2019 aliorodheshwa kuwa kiumbe aliye hatarini kwa sababu ya uwezekano wa uchimbaji huo.

Kenya si mgeni katika sheria hizi. Mwanasheria wake, Frank Njenga, alikuwa mstari wa mbele mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupendekeza ukanda wa kiuchumi wa maili 200 ambao leo ni sehemu ya sheria ya bahari ulimwenguni. Taifa lililosaidia kuweka kanuni za bahari halina udhuru wa kutumia kanuni hafifu zaidi kwa mto unaopita katika jiji lake kuu. Ikiwa konokono wa kilindini anastahili vipimo kabla ya tope lake kutimuliwa, seuze mtoto wa Gatina?

Yanayowezekana

Kinachohitajika hakizidi uwezo wa nchi. Maabara za vyuo vikuu, Mkemia Mkuu wa Serikali na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya zina wataalamu wa kazi hii. Tope linaweza kuchotwa kwa mabomba, tabaka kwa tabaka, kutoka Ondiri hadi Ruai, na kupimwa risasi, kadimi, zebaki, kromi, shaba na zinki, pamoja na alumini ya kulinganishia. Matokeo yachapishwe kwa lugha inayosomeka, mtaa kwa mtaa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 35 kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali.

Aidha, tope litakalobainika kuwa na sumu lisichanganywe na lile salama. Lifunikwe, lisianikwe, na litengewe mahali penye sakafu isiyopitisha maji. Kulipeleka Dandora hakutakuwa suluhisho, kwa kuwa jaa hilo liko kando ya mto uo huo. Vijana wanaoajiriwa kusafisha mto wapewe glavu, viatu na barakoa, na wapimwe damu kabla na baada ya kazi. Vilevile, Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango vya metali katika maji ya matumizi na majitaka. Tope nalo linahitaji viwango vyake, maana humo ndimo metali zinamokaa.

Zaidi ya yote, chanzo kizibwe. Kenya ilithibitisha kwamba hilo linawezekana ilipoacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa 2005. Ilikuwa hatua moja ya kisera ambayo iliwakinga watoto wengi kuliko hospitali yoyote. Betri kuukuu zikiwa na mahali maalumu pa kurejeshwa, na nyaya zikachunwa kwa mashine badala ya kuchomwa mitaani, mafundi wa jua kali hawatapoteza riziki na mitaro itapata nafuu.

Mto unaweza kupambwa kwa nyasi na taa katika muda wa miaka michache. Metali zilizomo ndani yake hazijui kalenda ya uchaguzi wala sherehe za uzinduzi. Zitakuwapo hadi atokee mtu wa kuzipima, kuzitaja na kuzitenga, na kazi hiyo inastahili kutangulia tingatinga.